Mto, Mkono na Kompyuta: Hotuba kuhusu Uchanganuzi wa Maumbo ya Kiamazighi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa isimu, na ninyi wa kompyuta mliokubali kukaa chumba kimoja na watu wa sarufi: wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Nitazungumzia lugha ya mbali na hapa, na ndani yake nitazungumzia jambo moja tu. Kompyuta inapokutana na neno la Kiamazighi, sehemu kubwa ya yale inayotakiwa kuyajua haimo katika neno lenyewe. Imo katika kamusi, na kama kamusi haikuyaandika, basi hayamo popote. Anayedhani kazi hii ni kutunga kanuni za werevu atachoka mapema. Kazi ni ya kamusi, na ni ya jasho.

Kwanza tuwajue wenyewe. Waamazighi ndio wale ambao vitabu vyetu vya historia vimezoea kuwaita Waberberi, jina walilobandikwa na wageni na ambalo wengi wao hawalipendi. Wako Moroko na Algeria kwa mamilioni, wako Libya na Tunisia, wako kwenye oasisi ya Siwa huko Misri, na kusini ya jangwa wako Watuareg wa Mali na Niger. Sensa ya Moroko ya mwaka 2024 ilikuta karibu robo ya wananchi wanazungumza Kiamazighi. Lakini Kiamazighi kipi? Kaskazini, kwenye milima ya Rif, ni Tarifit. Atlas ya Kati ni Tamazight. Kusini, bonde la Sous, ni Tashelhit. Algeria wana Kikabyle, Kichaoui na Kimozabite. Kwa hiyo mnivumilie ninapotumia jina moja kwa lugha ndugu kadhaa. Mifano yangu nitaichota zaidi katika Kikabyle, na katika lugha sanifu inayojengwa Moroko, na kila mara nitawaambia niko wapi.

Sasa tazameni maneno mawili. *Asif* ni mto. *Afus* ni mkono. Yote yana silabi mbili, yote yameanza na *a*, yote ni ya jinsi ya kiume. Ungetazamia yabadilike kwa namna moja. Lakini ukitaka kusema "maji ya mto" utasema *aman n wasif*, na ukitaka "vidole vya mkono" utasema *iḍudan n ufus*. La kwanza limebaki na *a* yake na kuongezewa *w* mbele. La pili limeng'oa *a* na kuweka *u*. Hakuna chochote katika *asif* kinachokuonyesha kuwa irabu yake haing'oki, wala katika *afus* kinachokuonyesha kuwa yake inang'oka. Mzungumzaji anajua kwa sababu amekua na maneno hayo. Kompyuta lazima iambiwe, neno kwa neno.

Mabadiliko haya wanaisimu wanayaita hali za nomino. Nomino ikisimama yenyewe iko katika hali huru. Ikija baada ya kihusishi, au baada ya kitenzi ikiwa ndiyo kiima, inaingia katika hali tegemezi. Mtu wa programu aweza kuniuliza: si tuifute tu hiyo tofauti, tuhesabu *argaz* na *urgaz* kuwa ni "mwanamume", tuendelee na safari? Haiwezekani, na Kikabyle kinatuonyesha kwa nini. *Yewwet urgaz* maana yake mwanamume alipiga. *Yewwet argaz* maana yake alimpiga mwanamume. Irabu moja ndiyo inayoamua nani ameshika fimbo na nani amechapwa. Programu ya kutafsiri inayopuuza irabu hiyo itampeleka mahakamani mtu asiyehusika.

Tena kuna kijineno *d*. Herufi moja tu, na katika maandishi kimejaa kila mstari. Chaweza kuwa "ni", chaweza kuwa "na", chaweza kuwa "pamoja na", na chaweza kuwa alama ya kuonyesha kuwa tendo linaelekea huku alipo msemaji. Tukibaki na zile maana za mbele ya nomino, *d argaz* ni "ni mwanamume", na *d urgaz* ni "na mwanamume". Hali ya nomino inakufumbulia maana ya kijineno kilichoitangulia. Uzuri ulioje! Ila uzuri huo unakoma ukifika kwenye neno kama *tala*, yaani chemchemi, ambalo ni miongoni mwa nomino zisizobadilika. *D tala*: ni chemchemi, au na chemchemi? Hapo umbo limenyamaza na itakubidi usome sentensi nzima. Na programu itajuaje kwamba *tala* ni miongoni mwa zisizobadilika? Kwa kuambiwa, tena.

Wingi nao una visa vyake. *Argaz* huwa *irgazen*: kiambishi mbele, kiambishi nyuma, kazi imekwisha. Mambo yangekuwa hivyo kote, nisingekuwa na hotuba. *Adrar*, mlima, huwa *idurar*. *Agadir*, ambalo ndilo jina la ule mji wa pwani ya Moroko, huwa *igudar*. *Aɣyul*, punda, huwa *iɣyal*. Hapa nyuma hakukuongezwa kitu. Irabu za ndani ndizo zilizohama. Na wale ndugu zetu wawili? *Afus* huwa *ifassen*, na *asif* huwa *isaffen*: kiambishi mbele na nyuma, irabu ya ndani imebadilika, na konsonanti ya mwisho imekazwa. Kule Moroko majina ya undugu yanakwenda mbali zaidi: *gma* ni kaka yangu, *aytma* ni kaka zangu, *ultma* ni dada yangu, *istma* ni dada zangu. Kanuni gani itakutoa *ultma* ikufikishe *istma*? Andika yote mawili kwenye kamusi, ulale usingizi.

Nieleze kidogo kifaa chenyewe kwa ajili ya wasiokijua. Kichanganuzi cha maumbo ni programu inayopokea neno kama lilivyoandikwa na kurudisha uchambuzi wake. Ukikipa *wasif* kinakujibu: *asif*, nomino, kiume, umoja, hali tegemezi. Kizuri kinafanya kazi pande zote mbili, maana ukikipa uchambuzi kinakutungia neno. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Ufini alionyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa kutenganisha orodha ya mashina na viambishi na kanuni za sauti zinazofanya kazi pale vinapokutana, na kuviendesha vyote kwa otomata zenye hali za idadi maalumu, yaani mashine za kimantiki zinazosoma neno herufi kwa herufi na kuhama hatua moja hadi nyingine. Mashine za aina hiyo ni nyepesi na za haraka, na kwa simu ya kawaida hazina uzito wowote.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumenufaika na kazi hiyo mapema kuliko wengi wetu tunavyojua. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga kichanganuzi cha Kiswahili kwa njia ya Koskenniemi, kikakua hadi kuwa mfumo wa SALAMA. Kiswahili kinafaa sana kwa njia hiyo, kwa sababu vipande vyake hupanga foleni. *Hawatatusomea*: ha-wa-ta-tu-som-e-a. Kila kipande kina zamu yake na hakuna anayeruka foleni. Hata hivyo Hurskainen naye alihitaji kamusi, kwa kuwa *nyanya* wa kuzaa mama na *nyanya* ya kupikia mchuzi zina umbo moja na upatanisho tofauti.

Kitenzi cha Kiamazighi kina foleni pia, tena fupi na ya heshima. Kwa hicho sanifu cha Moroko, mimi ni *-ɣ* nyuma, yeye mwanamume ni *i-* mbele, yeye mwanamke ni *t-*, sisi ni *n-*, wao wanaume ni *-n* nyuma na wanawake *-nt*. Wewe umezungukwa, *t-* mbele na *-d* nyuma. Ukihesabu zote, nafsi zina maumbo tisa. Ugumu umejificha katikati. *Kcm*, ambapo hiyo *c* hutamkwa kama *sh* yetu, ni kuingia. *Ikcm*, aliingia. *Ikccm*, huingia, na hapo konsonanti ya kati imekazwa. *Ur ikcim*, hakuingia, na hapo imezuka *i* ambayo haikuwapo. Mashina ni manne: la wazi, la tendo linaloendelea, la tendo lililokamilika, na la kukamilika kunakokanushwa. Mara nafsi tisa unapata maumbo hadi thelathini na sita kabla ya amri, na kabla ya kuongeza *s-* ya kusababisha, kama *skcm*, ingiza. Mashina mengine hugongana umbo, mengine huachana kabisa. Hata ndani ya shina moja mambo hayatulii: "nilisema" ni *nniɣ* lakini "alisema" ni *inna*.

Waliojaribu kutabiri mashina hayo kwa kanuni tupu walikuta kila kanuni ina watoto wa kambo. Njia inayofanya kazi ni kuvigawa vitenzi katika makundi, kila kundi na mfano wake, kisha kila kitenzi katika kamusi kikapewa namba ya kundi lake. Ni kazi ya kuchosha kweli, na haimpatii mtu tuzo. Lakini mwenye orodha hiyo ana kichanganuzi, na asiyekuwa nayo ana onyesho la mkutanoni.

Sasa nani anaifanya? Moroko iliunda Taasisi ya Kifalme ya Utamaduni wa Kiamazighi, inayofahamika kwa kifupi IRCAM, mwaka 2001, makao yake Rabat. Mwaka 2003 nchi ilichagua herufi za Tifinagh kuandikia lugha hiyo, na mwaka huohuo ikaanza kufundishwa shuleni. Katiba ya mwaka 2011 ikaifanya lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Algeria ilifanya hivyo mwaka 2016. IRCAM ilitoa sarufi sanifu mwaka 2008, na pia mwongozo wa mnyambuliko wa vitenzi, na ndani ya taasisi hiyo kuna kituo cha kompyuta ambako watafiti kama Fadoua Ataa Allah na Siham Boulaknadel walianza na kifaa chepesi cha kukata viambishi ili kubaki na shina. Baadaye Fatima Zahra Nejme, akishirikiana na Boulaknadel na Driss Aboutajdine, alijenga kichanganuzi kamili kwa NooJ, jukwaa la programu za isimu la Max Silberztein, kwa njia ileile ya otomata. Ukisoma maelezo yao utaona wanachokihangaikia ni makundi ya nomino, makundi ya vitenzi, na yapi yanaingia wapi. Ndicho nilichokuwa nasema.

Kabla ya hayo yote palikuwa na shughuli ya herufi. Tifinagh ya IRCAM ina herufi 33, na zimeingia katika Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2005. Kabla ya hapo watu walichapa kwa fonti zilizovalisha herufi za Kilatini sura ya Tifinagh. Kwenye karatasi ilipendeza. Ndani ya faili zilikuwa herufi za Kilatini vilevile, na mashine isiyo na fonti hiyo ilionyesha takataka. Maandishi hayo yalilazimika kugeuzwa kabla ya kuchambuliwa. Usidhani walioshika Kilatini wamesalimika. Kikabyle kinatumia *ɣ* na *ɛ* za Kilatini, lakini kwa kukosa kibodi watu wengi wamechapa gama na epsiloni za Kigiriki, ambazo kwa jicho la binadamu ni zilezile. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, na neno moja linahesabiwa mara mbili. Mwenzangu wa kompyuta, ukipokea maandishi ya Kikabyle, safisha hizo kwanza, ndipo uulize maswali ya isimu.

Suala la nafasi kati ya maneno ni gumu kuliko la herufi, kwa sababu hapo watu wawili wenye akili timamu hutofautiana. Kikabyle kinaandika *yefka-yas-t-id*: alimpa hicho, kikaja huku. Kila kipande kimeunganishwa kwa kistari. Ukikanusha, vipande vyote vinaruka mbele ya kitenzi: *ur as-t-id-yefki ara*, hakumpa. Tazameni pia jinsi *yefka* lilivyogeuka *yefki*. Uandishi wa IRCAM unaviacha vijineno hivyo vimejitenga kwa nafasi. Basi programu inayokata sentensi penye nafasi itasema Mkabyle amesema neno moja na Mmoroko amesema manne, kwa jambo lilelile. Ukilinganisha takwimu za lugha hizi mbili bila kulijua hilo, utaandika makala nzuri yenye majibu ya uongo. Binafsi napendelea utengano wa IRCAM kwa ajili ya mashine, ingawa kwa msomaji kistari cha Kikabyle kinaonyesha vizuri zaidi nani amefungamana na nani.

Kichanganuzi kikishamaliza, mara nyingi kinakurudishia majibu mawili au matatu. Mfano maarufu wa Moroko ni *illi*. Ni nomino, binti yangu. Ni kitenzi pia, "hayupo", likitanguliwa na *ur*. Kuchagua ndiyo kazi ya hatua ya pili, yaani kutambulisha aina za maneno. Mohamed Outahajala na wenzake walikaa wakatia alama kwa mkono kopasi, yaani mkusanyiko wa maandishi, ya maneno 20,000 hivi, kisha wakaifundisha mashine kwa mbinu za takwimu, ikapata usahihi wa takriban asilimia 88. Kwa maneno 20,000 hayo ni mafanikio makubwa. Lakini geuza hesabu: neno moja kati ya manane au tisa limekosewa, na sentensi ya kawaida ina maneno zaidi ya manane.

Hapa nataka turudi kwetu kidogo. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, toleo la pili, ina maneno milioni 25 yenye alama za uchambuzi. Hakuna aliyekaa akayatia alama milioni 25 kwa mkono. SALAMA ndiyo iliyoyatia. Hiyo ndiyo faida ya kichanganuzi ambayo watu hawaisemi: si kwamba kinasubiri kopasi, bali kinaizaa. Lugha iliyoanza na kamusi imara ilipata maandishi yaliyochambuliwa bila kulipa vibarua wa miaka mingi. Kwa Kiamazighi mlango huo uko wazi bado.

Najua swali ambalo vijana mnalo midomoni. Si siku hizi akili mnemba inajifunza yenyewe? Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, Kikabyle, Tamasheq ya Watuareg na Tamazight ya Atlas ya Kati zikiwemo. Mwaka 2024 Google Translate nayo iliingiza Tamazight, kwa Kilatini na kwa Tifinagh. Ni habari njema na sitaki kuzibeza. Wakabyle hasa wamejituma: kwenye hazina huria ya sentensi ya Tatoeba wameweka mamia ya maelfu ya sentensi, na katika mradi wa Common Voice wa Mozilla wamerekodi mamia ya saa za sauti. Ni watu wa kawaida, jioni baada ya kazi. Lakini mifumo hiyo hula maandishi, na Tarifit au lugha ya Siwa haina maandishi ya kutosha kuilisha. Neno ambalo halijaonekana katika wingi wake, mashine itabahatisha. Na katika lugha ambayo *asif* na *afus* hazifuatani, kubahatisha ni kurusha sarafu. Tena kuna kazi ambazo hazitaki ubahatishaji hata kidogo. Mtoto wa Agadir anayetafuta *isaffen* kwenye kamusi ya simu anapaswa kupelekwa kwenye *asif*, mara moja, bila intaneti. Kikagua tahajia hakiruhusiwi kubuni. Kwa kazi hizo kichanganuzi cha kamusi na kanuni hakijapata mpinzani, na sioni dalili ya kumpata karibuni.

Nimalizie na wale wanaotaka kushika jembe. Kuna programu huria iitwayo Foma, ya Mans Hulden, inayofanya kazi ya otomata nilizozieleza. Inapakuliwa bure na kompyuta ndogo inaiweza. Usianze na kanuni. Anza na nomino mia mbili za lahaja moja, uliyokaa na msemaji wake, na kwa kila moja andika safu nne: umoja huru, umoja tegemezi, wingi huru, wingi tegemezi. Usijaze safu kwa kukisia hata kama una uhakika, muulize. Kisha chukua sentensi elfu kumi za Tatoeba, uzisafishe gama na epsiloni, uzipitishe, na uombe orodha ya maneno yaliyokataliwa, yakipangwa kwa wingi wa kutokea. Juu kabisa utakuta vijineno kama *d* na *n*, kwa sababu uliwasahau. Kila mtu huwasahau. Chini yao yatafuata majina ya watu, halafu vitenzi, na hapo ndipo utakapoyahitaji yale makundi ya mashina manne. Orodha hiyo ya waliokataliwa ndiyo ratiba yako ya wiki inayofuata. Wanafunzi wa Kiha, Kikurya au Kimakonde wanaoniuliza pa kuanzia, jibu langu ni hilohilo, ila safu zenu zitakuwa za ngeli na toni.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nakaribisha maswali, na kama humu yupo msemaji wa Tashelhit, naomba yeye aanze.